Pesa uliyobana iende kwenye deni siku hiyohiyo

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza wasomaji: nyumbani kwako mnabanaje matumizi, na mmefanya nini kupunguza madeni? Mkaongeza swali dogo: mtu akipata shilingi laki moja ambayo hakuitarajia, aipeleke wapi? Naomba nijibu yote mawili kwa urefu kidogo. Mimi ni mweka hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha akina mama hapa Morogoro. Kila wiki nakaa mbele ya sanduku lenye makufuli matatu nikipokea hisa na marejesho, na nikimwona mwenzangu ameshindwa kuleta rejesho huwa naijua nyumba anayotoka, watoto wake na shida zao. Kwa hiyo jambo hili linanigusa.

Wanawake ninaokaa nao ni wabanaji hodari. Wanajua kugeuza kiporo kikawa kifungua kinywa, wanajua siku ya gulio nyanya zikishuka, wanatembea kwa mguu ili nauli ibaki. Madeni yao hayapungui kwa sababu pesa iliyobanwa haina pa kwenda. Mama amebakiza elfu tatu ya matumizi ya leo, kaiweka kwenye kopo kabatini. Kesho mtoto anataka kalamu, keshokutwa luku ya umeme inalia, mgeni anaingia soda inanunuliwa, na Jumamosi kopo ni tupu. Amejinyima wiki nzima na deni liko palepale.

Ndiyo maana jibu langu ni fupi kabla halijawa refu: ukibana, peleka. Siku hiyohiyo. Elfu tatu ikitoka kwenye bajeti ya jikoni, jioni iwe imeshafika mahali ambapo huwezi kuifikia kirahisi, na mahali pazuri kuliko pote ni kwenye deni linalokula zaidi. Kama kuituma kila siku kunakatwa ada, mpe mtu unayemwamini akushikie hadi mwisho wa wiki. Kwetu tumepanga wawili wawili: mimi namshikia jirani yangu, yeye ananishikia mimi, na hakuna ruhusa ya kurudishiana kabla ya siku ya kikao. Ni rahisi sana kujionea huruma mwenyewe, ni vigumu kidogo kumwomba mwenzako avunje ahadi.

Sasa, deni linalokula zaidi ni lipi? Hapa ndipo watu wanaumia kwa kutokufanya hesabu. Chukua mkopo wa kausha damu wa aina inayozunguka mitaani: unaomba 100,000, unakatwa 5,000 ya fomu, unaondoka na 95,000. Kuanzia kesho yake unarejesha 4,400 kila siku kwa siku 30. Jumla ni 132,000. Umelipa 37,000 juu ya 95,000, na wengi hesabu yao huishia hapo: "ni kama asilimia 40, nitavumilia." Lakini ile 95,000 hukukaa nayo mwezi mzima. Umeanza kuirudisha siku ya pili, na kwa wastani wa mwezi mzima ulikuwa na kama nusu yake tu mkononi. Ukiangalia pesa uliyokaa nayo kweli, gharama inakaribia mara mbili ya hiyo asilimia. Hakuna genge la mboga, hakuna biashara ya vitumbua, inayozaa faida ya namna hiyo kila mwezi. Mama anayeuza vitumbua kwa mtaji huo anafanya kazi ya mwenye pesa, na jasho lake mwenyewe halilipwi.

Swali la kumuuliza yeyote anayekukopesha, hata akiwa na ofisi nzuri na kiyoyozi: riba yako unaihesabu kwenye mkopo wote wa mwanzo, au kwenye kiasi kilichobaki? Wawili wanaweza kukutajia asilimia ileile na wasifanane kabisa. Tuseme umekopa milioni moja kwa miezi sita kwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Ikihesabiwa kwenye mkopo wote wa mwanzo, riba ni 35,000 kila mwezi, jumla 210,000. Ikihesabiwa kwenye salio, huku unapunguza deni kwa mafungu sawa, jumla ni 122,500. Tofauti ya 87,500 imetokana na swali moja ambalo afisa mikopo hawezi kukufukuza kwa kuliuliza. Mwombe akuandikie karatasi yenye jumla ya pesa utakayorejesha. Akisita kuandika, toka.

Mikopo ya simu nayo iangaliwe kwa jicho kali. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Walioumia na programu za namna hii wanajua habari yake: unakopa kidogo kwa muda mfupi sana, siku ikipita, watu waliomo kwenye kitabu cha majina cha simu yako wanaanza kupokea ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Mkwe wako, mwalimu wa mtoto, mchungaji. Nimeona dada mzima akiacha kuja kikaoni kwa aibu hiyo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume ya kupokea malalamiko, na mtu aliyefanyiwa hivyo ana haki ya kulalamika. Lakini kabla ya kufika huko, hakikisha kwanza kwamba mkopeshaji yumo kwenye orodha ya wenye leseni ambayo Benki Kuu inaiweka wazi. Programu ikiomba kusoma majina yote kwenye simu yako ili ikukopeshe elfu ishirini, jiulize inayataka ya nini.

Kwa hiyo kaeni chini, mume na mke, au mama na watoto wakubwa, mwandike madeni yote kwenye daftari moja. Naomba nisisitize hili neno yote. Watu huandika benki na kikoba, wakaacha daftari la Mangi dukani, ada iliyobaki shuleni, pesa ya fundi, kodi ya nyumba ya mwezi uliopita. Na ahadi za michango! Kadi ya harusi uliyopokea ukaandika "elfu hamsini" ni deni, maana kamati itapiga simu, na simu ikipigwa utakopa ili ulipe. Kila deni liandikiwe kiasi, tarehe, na linaongezeka kwa kiasi gani likikaa mwezi mmoja. Nyumba nyingi zinashtuka hapa kwa sababu mmoja alikuwa amekopa mwenzake hajui. Inauma. Lakini nyumba ambayo mmoja anabana huku mwenzake anakopa kwa siri haiwezi kutoka, na mimi kama mweka hazina ningependa mkopo wowote mkubwa uwe na saini ya mwenza. Kikundi chetu kimekubali hilo, ingawa halikupita bila mabishano.

Mkishaandika, lile linaloongezeka haraka kuliko yote ndilo lipigwe kwanza kwa kila senti ya ziada, mengine yapewe rejesho lake la kawaida tu. Kausha damu itatangulia, kama kumaliza mapema kunapunguza unachodaiwa, kisha mikopo ya simu, kisha benki. Mkopo wa kikoba, kwa maoni yangu, unaweza kusubiri ndani ya muda wake, kwa kuwa riba unayolipa inarudi kwenye mfuko na sehemu yake utaiona kwenye mgao wa mwaka. Mangi hatozi riba, lakini mpunguzie kidogo kila wiki, kwa sababu siku mtoto akiugua usiku ndiye atakayekupa sukari na chumvi bila kuuliza. Na ndugu aliyekukopesha bila maandishi asikae kimya cha miezi. Mpigie, mwambie umefika wapi, mpe hata elfu tano. Nimeona madeni ya ndugu yakisamehewa kwa sababu ya heshima hiyo, na nimeona undugu ukifa kwa sababu ya simu isiyopokelewa.

Ya jikoni nitayapitia haraka maana kila mama ana yake. Linalonisikitisha ni ununuzi wa kupima: mafuta ya mia tano, sukari robo, mkaa wa kopo, siku baada ya siku. Asiye na pesa ya mkupuo ndiye anayelipa bei kubwa kuliko wote. Dawa yake tuliyoiona ni kununua pamoja. Nyumba tano zinachanga, gunia la mchele linanunuliwa, linagawanywa kwa mizani mbele ya wote. Mahindi tunanunua baada ya mavuno, bei ikiwa chini, na kuyafungia kwenye mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Dumuzi waliomo hufa kwa kukosa hewa na huhitaji kuweka dawa. Masharti ni mawili. Msikope ili mnunue jumla, na mahindi yawe yamekauka kweli kabla ya kufungwa, vinginevyo yataota ukungu.

Umeme ni kinyume chake, na watu wengi hawalijui hili. Walio kwenye daraja la matumizi madogo, lile la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti, kama 122 ukiweka kodi na tozo, kwa uniti 75 za kwanza ndani ya mwezi. Ukinunua zaidi ya hapo, kila uniti ya ziada inapanda hadi 350 kabla ya kodi. Kwa hiyo anayenunua umeme wa miezi miwili kwa mpigo akidhani ameokoa, amejiumiza mwenyewe. Nunua kwa mwezi, na hesabu uniti. Mpangaji pia akumbuke kwamba kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye luku, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Mkubaliane ipunguzwe kwenye pango. Maharage tunayaloweka usiku kucha, maji ya kuloweka tunamwaga, na mwenye jiko la umeme la presha anaivisha kilo nzima kwa chini ya uniti moja. Linganisha na kopo la mkaa.

Michango ndiyo ngumu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na bado kila msimu tunaona nyumba zinakopa kwa ajili ya sendoff ya mtoto wa rafiki. Sisemi tuache kuchangiana. Kuchangiana ndiko kulikotubeba sote tulipofiwa. Ninachoomba ni kila nyumba iamue mwanzoni mwa mwaka kiasi cha mwaka mzima, misiba ipewe kipaumbele, na harusi zigawane kilichobaki. Mtu akikupa kadi, andika kile unachoweza kulipa leo, ulipe leo. Elfu kumi ya taslimu ina heshima kuliko elfu hamsini ya kukimbizana.

Jambo moja tulilobadilisha kwenye kikundi limesaidia kuliko mengine yote: tumehamisha mgao kutoka Desemba kwenda wiki ya kwanza ya Januari. Ada ilifutwa shule za serikali tangu 2016, lakini sare, madaftari, viatu na michango ya shule vipo, na vyote vinaangukia mwezi huo mmoja. Zamani mgao uliishia kwenye sikukuu, Januari watu wakarudi kwa kausha damu. Sasa pesa inafika ikiwa shule zinafungua. Mabishano yalikuwa makubwa, wapo waliolia kwamba tumewaharibia Krismasi, na mwaka uliofuata haohao ndio waliotaka tusirudi nyuma.

Kwa wenye biashara ndogo, ulizeni ofisi ya kata kuhusu mikopo ya vikundi inayotokana na ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023 ikarejeshwa 2024, na haina riba. Ni mtaji wa kikundi, isitumike kuzibia madeni ya nyumbani. Lakini mwenye mtaji usio na riba hana sababu ya kumwendea wa 4,400 kwa siku.

Laki moja ya ghafla, basi. Kama una mkopo wa kausha damu, nenda kwa mkopeshaji kabla hujapita sokoni, muulize akupe jumla ya kumaliza leo, na ukimaliza, dai risiti na kadi yako ya benki kama aliishika rehani. Akisema kumaliza mapema hakupunguzi hata senti, usimpe yote kwa pamoja. Peleka laki hiyo kwenye deni linaloongezeka kila siku linapokaa, kama la simu, yeye uendelee kumpa rejesho lake hadi mwisho, na ukimaliza usichukue tena "mzunguko wa pili" atakaokuahidi kwa kiwango kikubwa zaidi. Kama huna deni la namna hiyo, elfu themanini ziende kwenye hisa, elfu ishirini ununulie nyumba nyama na matunda, watoto wale washibe. Wamebana pamoja nanyi muda wote huu.