Jivu la Kumvi na Aibu Iliyonifunza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Wete, Pemba, aliniuliza iwapo jivu la kumvi, yaani maganda ya mpunga, linaweza kweli kuchukua nafasi ya saruji katika matofali, kwa kuwa yake yamemomonyoka. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana miaka minane nyuma aibu hiyo ilikuwa yangu.

Nilianza kwa pupa. Nilibeba kumvi kutoka mashine za kukobolea mpunga upande wa Cheju, Unguja, nikazichoma shimoni hadi zikawa jivu jeusi, nikaondoa theluthi nzima ya saruji na kulitia jivu mahali pake. Nilikuwa nimesoma kwamba tanuri la saruji hufikia nyuzi 1,450 za joto, na kwamba sehemu kubwa ya hewa ya ukaa ya saruji, ile inayopasha dunia joto, hutoka katika mawe ya chokaa yenyewe yanapoungua, si katika makaa peke yake. Basi nikajiona mwokozi wa visiwa. Matofali niliyouza kwa uzio wa madrasa yalianza kupukutika kabla ya masika kwisha, na mzee mmoja akanishika bega mbele ya watu: “Sheikh, umetuuzia matofali au mkate wa boflo?” Nilirejesha fedha zote. Maneno yale hayajanitoka, na sioni haja ya kujifanya yamenitoka.

Kosa lilikuwa moto. Kumvi zina silika nyingi (madini yaliyomo pia katika mchanga), lakini silika hiyo hufaa pale joto lisipozidi takriban nyuzi 700; likizidi, hugeuka fuwele isiyoshikana na kitu, na likipungua hubaki weusi unaonyonya maji ya mchanganyiko. Jivu zuri lililosagwa laini hushikana na chokaa inayozaliwa saruji inapokutana na maji, ila hushikana polepole. Siku hizi nachomea katika pipa lenye matundu, nasaga kwa mashine yangu mwenyewe (mwenye kinu cha mahindi alinifukuza, na alikuwa na haki), naondoa saruji sehemu 15 tu katika 100, kisha nayamwagilia matofali siku 28 kabla ya kuyauza. Sasa mafundi wananifuata wenyewe, nami sifichi furaha yangu.

Vijana wetu, hata hivyo, wanataka tofali la leo liuzwe kesho. Waliojenga Mji Mkongwe kwa mawe ya matumbawe waliiacha chokaa ilale kwanza. Sisi tunaona siku 28 ni adhabu. Subirini! Saga, mwagilia, subiri.

Na wewe wa Wete, usiongeze mchanga wa pwani wala makombe yasiyooshwa kwa kubana gharama, kwani chumvi yake itakula nondo za nguzo. Fyatua matofali kumi tu, yakishatimiza siku zake yaloweke usiku kucha, kisha yajengee banda la kuku wako mwenyewe.