Mtoto Mchanga Akiandikiwa MRI ya Ubongo, Uliza Siku na Uliza Sehemu

Mwanangu alikosa oksijeni wakati wa kuzaliwa, akapata degedege, akawekwa kwenye tiba ya kupoozwa mwili. Tiba hiyo huanzishwa ndani ya saa 6 za mwanzo, na joto la mtoto hushushwa hadi karibu nyuzi 33.5 kwa saa 72. Ilipokwisha, daktari akaandika kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine yenye sumaku kubwa. Nakuandikia wewe uliyeshika karatasi kama ile sasa hivi.

Kwanza uliza siku ya kipimo. Najua unataka picha leo hii, lakini jeraha la ubongo halijitokezi lote kwa pamoja. Kuna picha za MRI zinazofuatilia mwendo wa maji ndani ya ubongo. Hizo huonyesha seli zilizoumia katika siku chache za mwanzo, kisha baada ya wiki hivi huanza kuonekana kama za kawaida ilhali jeraha liko palepale. Picha nyingine hulionyesha vizuri siku zinaposogea. Ndiyo sababu wengi huchagua kati ya siku ya 4 na ya 7, mtoto akiwa ameshapashwa joto. Ukiambiwa usubiri, usidhani umepuuzwa. Altrasaundi kupitia utosini hufanyika pale pale kitandani na ina faida yake, ila majeraha mengine huyakosa. CT, kipimo kingine cha picha, hutumia mionzi ya eksirei, MRI haitumii.

Uliza pia kama mtoto anaweza kupigwa picha bila dawa ya usingizi. Wachanga wengi wakinyonya wakashiba, wakafungwa vizuri kwenye shuka na kuzibwa masikio kwa sababu ya kelele za mashine, hulala mpaka mwisho. Vitu vyote vya chuma vitolewe, hata vifungo vya nguo.

Majibu yakija, usiridhike na sentensi ya "ubongo umeathirika". Mimi nilimwomba daktari afungue picha kwenye kompyuta anionyeshe kwa kidole, na nakusihi ufanye hivyo. Sehemu iliyoumia ina uzito mkubwa. Jeraha la viini vilivyo ndani kabisa katikati ya ubongo, pamoja na kile kiitwacho thalamasi, huhusishwa zaidi na matatizo ya viungo na mtindio wa ubongo. Jeraha la maeneo yaliyo mipakani mwa mishipa mikubwa ya damu mara nyingi hugusa kujifunza na lugha, mambo yanayochelewa kujulikana. Picha safi ni habari njema kweli, hata hivyo usiache kliniki ya ukuaji, angalau mpaka afikishe miaka 2. Na picha mbaya haisemi mtoto huyu ataishia wapi hasa. Mazoezi ya viungo yaanze mapema, usingoje dalili zikomae.

Kabla hamjaruhusiwa, omba nakala ya picha zenyewe pamoja na ripoti. Mtaalamu mwingine akimwona mtoto baadaye, atataka kuziangalia kwa macho yake.