Mvua ya Kichina: mbona mara iko nyuma, mara mbele?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama lishe, nawapikia mafundi wa Kichina wanaojenga barabara huku kwetu. Nimeshajua kwamba yǔ ni mvua. Ila ikianza kudondoka wanasema xià yǔ le, mvua iko nyuma. Ikikatika wanasema yǔ tíng le, mvua iko mbele. Wanafuata nini? (Mama lishe, Tukuyu)

JIBU: Marahaba, mama. Una sikio zuri sana. Wapo wanafunzi wangu hapa Mbeya mjini wanaosoma miezi na miezi bila kuligundua hilo.

Xià ni kushuka. Le huonyesha kuwa hali imebadilika. Mvua inayoanza bado ni ngeni, kwa hiyo Mchina hutanguliza kitenzi, ndipo aitaje. Ikishakuwa ile mnayoijua wote, inayogonga bati la kibanda chako, inapanda mbele: yǔ tíng le, mvua imekatika, yǔ xià de hěn dà, mvua inanyesha kwelikweli. Nasi tuna jambo linalokaribiana na hilo. Ukiamka ukakuta uwanja umelowa, unasema “kumenyesha mvua usiku”. Lakini ile iliyokuzuia kwenda sokoni, unauliza “mvua imekatika?”

Ngurumo nazo ni hivyohivyo: dǎ léi, na dǎ ni kupiga, kama radi yetu inavyopiga. Ukungu ni qǐ wù, yaani unainuka. Jalidi, ile inayounguza viazi kule Kitulo mwezi wa sita na wa saba, ni xià shuāng, nayo inashuka kama mvua. Upepo ni guā fēng. Hiyo guā siku hizi huandikwa kwa herufi ileile ya kunyoa ndevu, na mtu aliyepigwa na upepo wa Uporoto alfajiri ataelewa haraka.

Ninalolipenda zaidi ni hili: wingu likitanda juu ya Mlima Rungwe, waambie yào xià yǔ le. Yào ni kutaka. Mvua inataka kunyesha! Hapo huna haja ya kukariri, Kiswahili chako kimeshakufundisha.

Angalia sauti tu. Yǔ ya mvua ishushe chini kabisa. Ukiipandisha kama unauliza swali, inakuwa yú, samaki. Kwa kazi yako utayahitaji yote mawili kila siku, basi yazoeze pamoja, moja baada ya jingine, ukiwa unakuna nazi.