Maua yaliyoota yenyewe kando ya baraza

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tunaishi Tanga, karibu na bahari. Kwenye nyufa za sakafu ya baraza na kando ya geti yameota maua ambayo hatukuyapanda, mengine ya waridi, mengine meupe yenye kitone chekundu katikati. Nimehamishia machache kwenye vyungu na ninayamwagilia asubuhi na jioni, lakini majani yanageuka njano. Jirani anasema nichemshe majani hayo nimpe mama, maana ana kisukari. Ni maua gani, na nifanyeje?

JIBU: Marahaba, dada. Naanza na la jirani kwa kuwa haliwezi kusubiri: usimchemshie mama. Hayo ni maua ya vinka, na mmea wote una sumu, kuanzia mzizi hadi ua.

Jirani hakulitunga hilo, lina historia ndefu. Majani ya vinka yalitumika Jamaika kama dawa ya sukari, na ndiyo sababu yalifika maabara ya watafiti Robert Noble na Charles Beer nchini Kanada. Walipowapa panya kwa mdomo, sukari haikushuka kama walivyotarajia. Walipowadunga sindano ya maji ya majani hayo, chembe nyeupe za damu zilianguka, kinga ikaisha, panya wakafa kwa maambukizi. Kutokana na hilo ikapatikana dawa ya saratani, vinblastini, iliyotangazwa mwaka 1958, kisha vinkristini, ambayo hadi leo hutibu watoto wenye saratani ya damu. Ni dawa za hospitali, zinapimwa kwa miligramu, na mgonjwa hufuatiliwa damu yake. Sufuria ya jikoni haina kipimo hicho. Mama aendelee na dawa na kliniki yake. Mbuzi nao wasiachwe kuyala, na watoto wanawe mikono wakiyachuma.

Sasa hakikisha mwenyewe kwamba ni vinka. Kata jani: litatoa utomvu mweupe. Majani yamekaa mawili mawili yakielekeana, yanang'aa, na mshipa wa katikati umepauka. Kisha tafuta tumba ambalo halijachanua, ulitazame kwa karibu. Utaona petali zimejisokota kama nyuzi za parafujo. Zikifunguka zinakuwa tano, kila moja imelalia kidogo ukingo wa jirani yake. Chini ya ua kuna mrija mwembamba wa kama sentimita mbili na nusu, na nekta, yaani maji matamu ya ua, iko huko ndani kabisa, kwa hiyo wageni wake wakubwa ni vipepeo wenye ulimi mrefu. Kaa barazani asubuhi uwaone, ni burudani ya bure.

Wengi huyachanganya na balsamu, ambayo asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki. Balsamu ina shina la majimaji, ua lake lina kimkia kwa nyuma, hupenda kivuli, na tunda lake lililokomaa ukiligusa linapasuka. Vinka asili yake ni Madagaska, na hupenda jua kali.

Hapo ndipo penye tatizo la vyungu vyako. Unayazamisha. Yale ya nyufani hayamwagiliwi na mtu na bado yanachanua. Ya chungu, mizizi imekosa hewa na huenda imeanza kuoza. Chomoa mche mmoja utazame: mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa, uliooza ni wa kahawia na unateleza mkononi. Mche wa namna hiyo utupe pamoja na udongo wake. Iliyobaki ihamishie kwenye chungu chenye matundu, udongo uchanganywe na mchanga kiasi, uiweke juani. Maji uipe udongo ukikauka juu, na umwagie chini shinani, si juu ya majani. Mbolea usizidishe, utapata majani mengi na maua machache. Shina likirefuka, kata ncha ili litoe matawi.

Ukitaka mingine, tazama vijitunda vyembamba vinavyoota viwili viwili penye kwapa la jani, yaani jani linapoungana na shina. Vikianza kugeuka kahawia vichume kabla havijapasuka; mbegu ni ndogo, nyeusi, na sisimizi huzibeba, nadhani ndio waliokupandia barazani. Zisie na uzifunike kwa udongo wa nusu sentimita, kwani huota vizuri gizani. Ya nyufani yaache yalivyo, ila ung'oe yaliyo karibu na banda la mbuzi kama unalo.