Kwa nini Halo ilishika: jibu la mtu aliyeichezea Ngamiani

Mkuu, umeuliza kwa nini Halo, gemu ya kupigana risasi na majeshi ya angani, ilipata jina kubwa vile wakati gemu za namna hiyo zilishakuwepo tele. Wengi watakujibu ni pesa za Microsoft. Pesa zilikuwepo, sikatai: waliinunua studio ya Bungie mwaka 2000, na Novemba 2001 gemu ikatoka siku moja na Xbox yenyewe, mashine yao ya gemu. Lakini matangazo yanakununulisha gemu tu, hayakufanyi uicheze mpaka alfajiri.

Mimi niliikuta hapa Tanga, Ngamiani, kwa mjomba aliyerudi na Xbox kutoka Muscat. Mtaa mzima ulikuwa wa PlayStation na mpira, kwa hiyo lile limashine jeusi lilionekana kituko. Kilichonivuta kwanza ni pedi, kile kishikio cha kuchezea. Gemu za namna hii zilikulia kwenye kompyuta, ambako unalenga kwa mausi. GoldenEye ya Nintendo 64 ilishaonyesha mwaka 1997 kwamba hata bila mausi inawezekana, ila Halo ndiyo iliyolainisha mambo. Stiki ya kushoto unatembea, ya kulia unatazama, na gemu yenyewe inakusaidia kulenga kidogo kidogo bila wewe kujua. Bomu la mkono lina kitufe chake, kumtwanga mtu kwa kitako cha bunduki kuna kitufe chake. Silaha unabeba mbili tu, kwa hiyo ukiiona mpya chini lazima uamue unatupa ipi. (Ile bastola ya Halo ya kwanza hatukuitupa kamwe. Ilikuwa kali kuliko bunduki.)

Halafu kuna ngao. Ikiisha unajibanza nyuma ya jiwe, unasubiri ijae, unatoka tena. Adui naye ana akili: Elite, yule mkubwa wao, ngao yake ikipungua anajificha kama wewe, na ukimuua, wale wadogo waitwao Grunt wanatimua mbio wakipiga mayowe. Tulikuwa tunamtafuta mkubwa wao makusudi, tuwacheke wale wadogo.

Uhondo wenyewe lakini ulikuwa wa kucheza wawili. TV ya chogo, skrini imegawanywa juu na chini, binamu yangu anaendesha Warthog, gari la kivita la kwenye gemu, mimi nimesimama nyuma kwenye bunduki namtukana kwa kutupindua bondeni. Tukigeukiana kupigana wenyewe kwa wenyewe, ugomvi ulikuwa mmoja: "Unachungulia kwangu!" Na kweli tulichungulia, sote. Mashine moja ilibeba watu wanne, na ukiunganisha nne kwa waya mnafika 16. Sisi tulikuwa na moja, na foleni ya wapwa mlangoni.

Halo 2, Novemba 2004, ikaupeleka ugomvi huo kwenye intaneti. Mnajikusanya kundi, mashine inawatafutia wapinzani wa kiwango chenu, mkimaliza mnaendelea pamoja. Leo kila gemu inafanya hivyo. Siku ya kwanza tu, Marekani na Kanada, iliuza dola milioni 125. Halo 3 ya mwaka 2007 ikafika milioni 170. Ile ya tatu iliongeza Forge, watu wakawa wanajitengenezea michezo yao ndani ya gemu.

Vibanda vya gemu vya kwetu haikuingia, na sababu si ladha. Mwenye kibanda anatoza kwa mechi. Gemu ya mpira ina dakika zake, filimbi inalia, mteja analipa tena au anampisha mwenzake. Hadithi ya Halo haina filimbi, na mteja hakubali kunyanyuliwa katikati ya vita. Na PlayStation 2 ilikuwa na CD za kuchoma kila kona.

Sasa, anayedai jina limepoa kwa sababu Bungie waliiacha kwa 343 Industries, studio nyingine ya Microsoft, baada ya Halo: Reach ya 2010, mimi namkubalia nusu. Nusu nyingine ni ule uhondo wa kucheza wawili. Halo 5 ya mwaka 2015 iliondoa kabisa kugawana skrini. Halo Infinite ya 2021 iliirudisha kwenye mapambano, lakini kucheza hadithi wawili kwenye TV moja, walikotuahidi, wakakufuta 2022.

Ukitaka kuionja, tafuta Master Chief Collection, mkusanyiko wa gemu za Halo, ile ya Xbox, maana ya kompyuta ilikuja bila kugawana skrini. Anza na ya kwanza, na pedi ya pili usiisahau.