Mke wangu ndiye anaongoza sala nyumbani, nimepoteza ukichwa?

Ndugu yangu wa Igombe, unasema unavua dagaa, usiku uko ziwani, mkeo ndiye anayesali na watoto, na mzee wa kanisa amekuambia umemwachia mkeo ukichwa wa nyumba. Ufanyeje?

Kwanza, usimnyang'anye sala hiyo. Timotheo aliipata imani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na Paulo aliitaja kwa furaha (2 Timotheo 1:5).

Sasa fungua Waefeso 5. Wanaume tunapenda kukomea mstari wa 23, penye neno kichwa. Soma hadi wa 25: mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Kwa mvuvi, kujitoa huko mara nyingi kunapimwa kwa hela. Mgao ukitoka mwaloni, unafika nyumbani au unaishia kwa muuza bia? (Naona mzee wako hilo hakuliuliza.)

Halafu itumie mbalamwezi. Siku hizo taa hazivuti dagaa, mitumbwi imepumzika, nawe usizimalize zote kwenye bao. Keti na watoto wakusomee Biblia, hata kama wanasoma kukushinda. Na usirudi na fimbo ya makosa yaliyolimbikizwa. Waefeso 6:4 inawakataza akina baba kuwachokoza watoto wao.

Siku za kwenda ziwani, mpigie mkeo simu jioni kabla ya kusukuma mtumbwi, wewe naye na watoto muombe pamoja kidogo.

Mzee naye mkaribishe siku moja kwenye sala ya jioni, mkeo akiongoza.