Muulize Muuguzi: Njiti wangu ana miaka minne, niendelee kusubiri?

SWALI: Shikamoo mama. Mwanangu alizaliwa na wiki 29, kilo 1.2, nikambeba kifuani wodini wiki saba. Sasa ana miaka minne na miezi mitatu, anaongea, anakula. Ila mwalimu wa chekechea analalamika: penseli anaishika kwa ngumi, anajikwaa kila mara, akiitwa haitiki, eti mvivu. Kliniki wanampima uzito, wanasema yuko vizuri. Mama mkwe anasema njiti wote huchelewa, nitoe zile wiki na nivute subira. Nisubiri mpaka lini?
Mama wa Korogwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usisubiri.

Hesabu ya mkweo nusu yake ni kweli. Mwanao aliwahi wiki 11. Alipokuwa na miezi sita, wiki 11 zilikuwa karibu nusu ya maisha yake yote, kwa hiyo tulizitoa kwanza ndipo tukauliza mbona hajakaa. Mtoto akitimiza miaka miwili, kwa kawaida tunaacha kuzitoa. Kwa mtoto wa miaka minne, wiki hizo ni ukoko tu chini ya sufuria.

Mzani nao unajua kilo tu. Mimi mwenyewe uliniponza. Nikiwa zamu, niliwahi kuandika "maendeleo mazuri" kwenye kadi ya binti mmoja njiti wa miaka mitatu na nusu, mnene, mchangamfu, kila swali analo jibu. Bibi yake akaninong'oneza: "Hebu ziba mdomo umuulize." Nikavuta ncha ya kanga ya bibi, nikajiziba, nikamuuliza mdogo wake anaitwa nani. Akanikodolea macho, kisha akatabasamu. Kumbe muda wote alikuwa akitusoma midomo. Niliyafuta yale maneno mbele ya bibi, na aibu yake ninayo hadi leo.

Ndiyo maana kwako naanza na hilo la kuitwa na kutoitika. Njiti wengi hupata manjano na hudungwa dawa za kuua vijidudu kama gentamisini, na vyote viwili vikizidi vinaweza kudhuru usikivu. Macho vilevile: mishipa midogo ya nyuma ya jicho hukamilika mwishoni mwa mimba, na mtoto aliyepimwa wodini akaonekana salama anaweza baadaye kupata makengeza au kutoona mbali. Huyo anayejikwaa, pengine kizingiti hakioni.

Masikio na macho yakishapimwa, ndipo mtoto anachezeshwa. Ndiyo, anachezeshwa, ila mchezeshaji ana karatasi. Kipimo cha maendeleo ya mtoto cha Denver, cha Wamarekani, kina swali kama mtoto anaweza kujiandalia siriali, zile nafaka za pakiti za kula na maziwa. Mtoto wa Korogwe anayechambua maharage vizuri na bibi yake angefelishwa bure! Mwaka 2010 kilichapishwa kipimo kilichotengenezwa kwa kuwapima watoto wa vijijini Malawi, kiitwacho MDAT (yaani Kipimo cha Malawi cha Maendeleo ya Mtoto), chenye vipengele 136 vya mwendo, mikono, lugha na kuishi na wenzake, kwa watoto hadi miaka sita. Kwa umri wa mwanao, mtaalamu huangalia mambo kama kurukia mguu mmoja, kuiga duara na msalaba kwa penseli, na kufuata maagizo mawili yanayofuatana. Unaweza kumchungulia nyumbani, lakini nakuomba usimkaririshe. Wazazi huwa wanawanoa watoto kana kwamba ni mtihani wa darasa la saba, sisi tunabaki kupima bidii ya mama.

Omba barua ya rufaa uende hospitali ya mkoa, Bombo, kliniki ya watoto. Beba karatasi ya ruhusa ya ile wodi, hata kama imechanika, maana mle mna wiki, uzito na dawa alizopewa. Waambie wazi: alizaliwa njiti, sijaja kwa homa. Akitokea wa kukwambia "atakua tu", mwombe kwa adabu ayaandike maneno hayo kwenye kadi, atie tarehe na sahihi. Utashangaa barua inavyopatikana upesi.

Mwalimu naye usigombane naye. Yeye ndiye aliyeona. Mwombe amkalishe mbele, na badala ya penseli ndefu ampe vipande vifupi vya chaki. Kipande cha urefu wa kidole gumba hakishikiki kwa ngumi.